Kwa nini Lin Zexu hakuichoma kasumba kwa moto?

SWALI: Kuna wanaosema mwaka 1839 Wachina walichoma kasumba ya Waingereza, wengine wanasema waliimwaga baharini. Lipi ni kweli? Na je, Uchina ililipishwa?

JIBU: Baharini, ila haikumwagwa hivi hivi. (Kasumba hapa ni afyuni, maana ya asili ya neno hili, ile ya kikoloni ni mtoto wake.)

Lin Zexu, mjumbe wa Mfalme Daoguang, aliingia Guangzhou, bandari ya kusini mwa Uchina, Machi 1839 akawabana wafanyabiashara wa kigeni mpaka wakasalimisha makasha zaidi ya 20,000. Moto aliukataa kwa sababu afyuni ikiungua huyeyuka na kunywewa na udongo, na wajanja huuchimba udongo huo wakapata tena sehemu mbili hadi tatu za kila kumi.

Kwa hiyo huko Humen, ufukweni, yalichimbwa mashimo mawili makubwa. Chini yalitandikwa mawe bapa na kuta zikazibwa kwa mbao, ili tone lisipenye ardhini. Nyuma palikuwa na mfereji wa kuingizia maji, mbele mlango wa kuyatolea baharini. Kwanza maji yalijazwa na chumvi ikamwagwa. Madonge ya afyuni yakakatwa vipande vinne vinne, yakarowekwa nusu siku. Ndipo ikatupwa chokaa isiyozimwa, yaani ambayo bado haijatiwa maji, na hapo ndipo penye siri: chokaa iliyokwisha kuzimwa haitoi joto, lakini hii ikikutana na maji huyachemsha bila kuni. Vibarua, wakisimama juu ya mbao zilizolazwa kukatisha shimo, walikoroga kwa majembe na makoleo mpaka madonge yakavurugika kabisa. Maji yakianza kupwa, mlango ulifunguliwa, uji ule ukachukuliwa na bahari, kisha sakafu ikaoshwa pasibaki hata chembe. Shimo moja likisafishwa, la pili lilikuwa limeshajazwa.

Kazi ilianza Juni 3 na kuchukua wiki tatu hivi, chini ya ulinzi mkali dhidi ya wizi. Mmisionari wa Kimarekani Elijah Bridgman alikwenda kujionea mwenyewe. Kabla ya kuanza, Lin alimtolea sadaka mungu wa bahari, akiomba viumbe wa majini wahame kwa muda wasije wakadhurika. Waliokuwa wakiuza sumu hiyo kwa binadamu hawakuwahi kuomba radhi ya namna hiyo.

Malipo yalikuwepo, na yanauma. Uingereza ilileta manowari, na Mkataba wa Nanjing wa Agosti 29, 1842 ukaibebesha Uchina dola milioni 21 za fedha: milioni 6 fidia ya kasumba, milioni 3 madeni ya wafanyabiashara, na milioni 12 gharama za vita. Yaani aliyevamiwa alimlipa mvamizi nauli yake. Hong Kong ikachukuliwa, bandari tano zikafunguliwa kwa lazima. Lin mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa kazi, akapelekwa uhamishoni Yili, magharibi kabisa.

Kuhusu biashara ya kasumba, mkataba haukusema neno. Ilihalalishwa mwaka 1858, katikati ya vita vya pili vya kasumba, kwa ushuru wa taeli 30 (taeli ni kipimo cha fedha cha Kichina) kwa kila pikuli, yaani kama kilo 60.