Jibu: Sauti ya hema la nje inakatika, na nice -20 haijasaidia

Ndugu wa Kondele, umesema unapitisha sauti ya kwaya kutoka arecord (programu ya kurekodi) hadi aplay (ya kucheza sauti) ili iwafikie waliokaa kwenye hema, bafa (akiba ya muda ya sauti) ni milisekunde 20, na mtu akifungua kivinjari kwenye laptopu hiyo sauti inakwaruza na skrini inaandika overrun, yaani sauti imefurika bafa kabla ya kusomwa.

Nice haiwezi kutibu hilo. Inapunguza au kuongeza fungu la prosesa kati ya michakato ya kawaida, lakini arecord bado inapanga foleni pamoja na kivinjari. Haihitaji fungu kubwa, inatumia prosesa kidogo sana. Inachohitaji ni kuamshwa kabla ya hizo milisekunde 20 kuisha.

Kwa amri ya chrt, ihamishie kwenye daraja la FIFO, la michakato isiyoweza kusubiri, ambalo huupita mchakato wowote wa kawaida papo hapo:

`chrt -f 40 arecord -f dat --buffer-time=20000 | chrt -f 40 aplay --buffer-time=20000`

Andika chrt mara mbili, kwa sababu ya kwanza haivuki ule mstari wa bomba. Kama tayari zinaendesha, tumia `chrt -f -p 40 PID`, kipaumbele kikitangulia PID (namba ya mchakato), kisha uhakikishe kwa `chrt -p PID`. Kwa programu yenye nyuzi nyingi (kazi zinazokwenda sambamba ndani yake) amri hiyo hugusa uzi mmoja tu, ongeza -a.

Vipaumbele ni 1 hadi 99, ila tafadhali usikimbilie 99. Nyuzi za ukatizaji za kiini cha Linux, zinazohudumia vifaa kama kadi ya sauti, pale zinapotumika, hukaa 50. Ukiikalia juu kadi ya sauti, unamchelewesha anayekuletea data. Tena mchakato wa FIFO ukiingia kwenye mzunguko usioisha hauachii prosesa kwa hiari. Kwenye kiini cha kabla ya toleo 6.12, kinachokuokoa ni mpangilio wa `sched_rt_runtime_us`, ambao kwa kawaida ni mikrosekunde 950000: milisekunde 50 za kila sekunde hubakia kwa wengine. Wanaokushauri uiweke -1 wanakuondolea breki.

Ukiambiwa Operation not permitted, usizoee sudo. Weka mistari hii, wa kwanza ukiruhusu kikundi cha audio kipaumbele hadi 40 na wa pili ukikiruhusu kufungia kumbukumbu bila kikomo, katika `/etc/security/limits.d/sauti.conf`:

`@audio - rtprio 40`
`@audio - memlock unlimited`

Kisha `sudo usermod -aG audio $USER`, na uwashe mashine upya. Kutoka na kuingia tena pekee mara nyingine huacha dirisha la amri na ruhusa za zamani. `ulimit -r` ikijibu 40, endelea. Ikijibu 0, hakiki kwa `id` kama audio imo kwenye vikundi vyako.