Jibu kwa mwalimu wa Pemba: wanafunzi wa mifugo wapelekwe wapi, na wafanye nini wakifika

Mwalimu, assalaam alaykum. Umeeleza kuwa una wanafunzi 24 wa afya ya wanyama hapo Pemba, fedha za ziara ni kidogo, na kundi lililopita lilivuka kwenda Unguja likarudi na picha tu. Sasa unauliza uwapeleke wapi. Nitafika huko, lakini ziara nyingi za mifugo huharibika kabla hata basi halijawashwa. Kijana ambaye hajawahi kumvisha ng'ombe hatamu hajifunzi kitu kwenye zizi la watu. Ataogopa yeye, ataogopa ng'ombe, mwenye mali atakasirika, na asubuhi nzima itaishia kukimbizana na mnyama minazini.

Kwa hiyo anza na kamba, wiki mbili kabla, hapohapo skuli. Kila wanafunzi wawili wapewe kamba ya mita 4, unene wa milimita 12 hivi, ya pamba au katani laini. Kamba ya makumbi ni rahisi kupatikana lakini inachubua ngozi ya uso, usiitumie kwa hatamu. Wafundishe fundo moja tu, lile linalofunguka ukivuta ncha mara moja, na walifunge kwenye nguzo mpaka waweze kulifunga wamefumba macho. Kamba ifungwe usawa wa bega la mnyama, na kati ya kichwa na nguzo ibaki nusu mita tu. Ikiwa ndefu zaidi, mnyama ataipitisha mguu, ataanguka na kujinyonga, na fundo likikaza chini ya uzito wake halifunguki tena bila kisu. Halafu kuna jambo la kurudia kila siku: kamba haizungushwi mkononi hata kidogo. Ng'ombe akishtuka, vidole ndivyo vinavyokwenda.

Baada ya kamba, kipimajoto. Inaonekana kazi ndogo, kumbe ndiyo inayotoa namba za uongo nyingi kuliko zote. Kisuguliwe mafuta kidogo, kiingizwe kwenye puru, kisha kiinamishwe ili ncha iguse ukuta wa utumbo. Wengi wanakichoma katikati ya kinyesi na kusoma joto la kinyesi, ambalo huwa chini ya joto la mwili. Cha zebaki kiachwe dakika 2 hadi 3, na kifungwe uzi wenye kibanio cha kubana manyoya ya mkia, kisije kikazama ndani au kikaanguka na kuvunjika. Wapime asubuhi. Ng'ombe aliyeswagwa juani mchana anaweza kusoma nyuzi 39.5 na hana ugonjwa wowote.

Namba zenyewe wazijue kwa kila mnyama peke yake. Ng'ombe mkubwa ni 38.0 hadi 39.3, mbuzi 38.5 hadi 39.7, kuku yuko juu ya 40 akiwa mzima. Punda anakaa 36.5 hadi 37.8. Hapa ndipo darasa linapoanguka, kwa sababu vijana wamekariri ng'ombe na kumpa kila mnyama namba za ng'ombe. Punda mwenye 38.5 wanamwandika "mzima", kumbe ana homa; mwenye 37 wanasema amepoa, kumbe ndio uzima wake.

Mikono ikishakuwa tayari, ziara ya kwanza isivuke bahari. Nenda kijijini kwa wafugaji wanne au watano, mbali na skuli kwa mwendo wa mguu au gari fupi. Gawa wanafunzi makundi ya watano, kundi moja kwa mfugaji mmoja, na kila kundi lipewe kazi moja tu. Kundi lililopewa "kuangalia ufugaji" halitaangalia chochote. Lililopewa "leteni uzito, joto, idadi ya pumzi na mwendo wa tumbo la ng'ombe watatu" litarudi na karatasi iliyojaa.

Uzito hauhitaji mizani. Chukua futi ya fundi cherahani, zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Kifua kizidishwe kwa kifua, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, halafu ugawe kwa 10,840. Kifua cha sentimita 140 na urefu wa 120 vinatoa kilo 217. Makosa yanatoka kwa mnyama aliyesimama vibaya: miguu ya mbele ikiachana au kichwa kikiinama, kifua kinabadilika kwa sentimita kadhaa, na kwa vile kifua kinazidishwa mara mbili, kosa dogo linakuwa kilo nyingi. Wapime mara tatu, wachukue wastani. Hili si zoezi la hesabu tu, maana dawa ya minyoo inayotolewa kwa kukisia uzito mara nyingi inapungua kipimo, na kipimo pungufu ndicho kinachowazoesha minyoo dawa.

Mwendo wa tumbo kubwa unasikika kwa ngumi. Weka ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, bonyeza kidogo, tulia dakika 2 kamili. Ng'ombe mzima atasukuma ngumi mara 2 hadi 4. Wanafunzi wanaondoa mkono baada ya nusu dakika na kuandika sifuri, kwa hiyo simama nao na saa.

Kama kuna ng'ombe wa maziwa, fanyeni kipimo cha ugonjwa wa kiwele kwa sabuni. Yeyusha gramu 3 za sabuni ya unga ya kufulia katika mililita 100 za maji. Kamua mikamuo mitatu ya mwanzo ndani ya kikombe cheusi, muangalie mabonge na damu, kisha maziwa ya kila chuchu yawekwe kwenye kikombe chake, yachanganywe na maji ya sabuni kwa kiasi sawa na kuzungushwa taratibu kwa dakika moja. Yakibaki maji, salama. Yakianza kuwa mazito au kuvuta utelezi, chuchu ile ina shida hata kama kiwele hakijavimba. Msimpime aliyezaa chini ya wiki moja, kwani maziwa ya dang'a huganda na sabuni bila ugonjwa.

Majibu yote yaachwe kwa mwenye ng'ombe siku ileile, kwenye karatasi, kwa Kiswahili chepesi. Mfugaji aliyekupa asubuhi yake na mifugo yake anastahili kujua chuchu gani ina tatizo. Ukimfanyia hivyo atakupokea mwaka ujao, na atamwambia jirani.

Punda apewe siku yake. Visiwani anabeba mchanga, mawe na kuni, lakini kwenye mitaala anapewa ukurasa mmoja. Mwanafunzi asimame mbali dakika 10 nzima bila kumgusa, aandike masikio yako vipi, anauhamisha uzito kwenye mguu upi, anakula au anajifanya kula. Punda huficha maumivu. Hapigi kelele wala hajigaragazi mpaka hali imeshakuwa mbaya. Ndipo asogee, aangalie vidonda vya mabegani na mgongoni mahali gari linapokaa, na afuatilie kila kidonda mpaka kwenye kifaa kinachokisababisha: msumari, mkanda wa tairi, nira isiyo na pedi. Kupaka dawa kidonda na kurudisha mkanda uleule hakumsaidii punda hata kidogo. Na wajue kwamba punda aliyegoma kula siku moja ni dharura, hasa mnene au jike mwenye mimba, kwa sababu mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Akipelekwa kutibiwa, mwenzake anayekaa naye aende pamoja, maana kutenganishwa pekee kunaweza kumfanya agome chakula.

Sasa damu. Ndigana kali ni ugonjwa wa kwetu, unaenezwa na kupe, na kila mhitimu lazima ajue kuutafuta: homa ya nyuzi 40 na zaidi, na tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zimevimba. Wafundishe kutengeneza slaidi, kile kioo chembamba cha darubini, kwa damu ya ncha ya sikio. Tone liwe dogo, kiasi cha kichwa cha kiberiti, slaidi ya kusambazia ishikwe kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, ivutwe kwanza irudi iguse tone, kisha isukumwe mbele mara moja bila kusita. Tone kubwa linatoa utando mnene usiosomeka. Slaidi ipeperushwe ikauke haraka, itumbukizwe kwenye methanoli dakika 3, na baadaye kwenye rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 30. Unyevu wa pwani yetu ndio adui hapa. Utando ukikauka polepole, au chupa ya methanoli ikiachwa wazi ikanywa maji ya hewani, seli nyekundu hutoboka vishimo vinavyong'aa na mwanafunzi anaviita vimelea. Na slaidi isiachwe wazi mezani, inzi wanailamba yote. Jina la mnyama liandikwe kwa penseli, kwani wino unaoshwa na methanoli.

Vitabu vingi vinavyotumika vimeandikwa kwa ajili ya bara, na ng'ombe aliyekonda mwenye upungufu wa damu vinamtia kwanza kwenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Unguja mbung'o aliondolewa kwa kuachia madume tasa yaliyozalishwa Tanga na kumwagwa kwa ndege, na mbung'o wa mwisho alinaswa 1996. Kwa hiyo kijana anayechunguza ng'ombe Unguja aanze na kupe na minyoo.

Machinjio ndiyo darasa la bei nafuu kuliko yote na linalodharauliwa kuliko yote. Fika kabla ya alfajiri kumalizika, omba ruhusa ya mkaguzi wa nyama siku mbili kabla, na wapeleke wanafunzi wanane tu kwa wakati mmoja, wasije wakawazuia wachinjaji kazi yao. Kwanza wakadirie umri kwa meno ya mbele ya chini: meno 2 ya kudumu ni karibu miaka 2, yote 8 ni karibu miaka 4, na ng'ombe wa kienyeji huchelewa kidogo. Kisha waone ini. Mirija minene iliyokakamaa ikikatwa hutoa minyoo bapa, mirefu kufikia sentimita 7, na kijana aliyeiona mara moja hasahau kwa nini ng'ombe wa bondeni hanenepi.

Nunueni viungo vya kurudi navyo. Kizazi cha ng'ombe kilichooshwa na kuwekwa kwenye ndoo kinamfundisha mwanafunzi kushika shingo ya kizazi, ngumu na yenye mikunjo kama shingo ya kuku, kabla hajaingiza mkono kwa mnyama hai. Mapafu yapulizwe kwa pampu ya baiskeli kupitia koo, kamwe si kwa mdomo, kwa sababu ya kifua kikuu. Ngozi ya mguu inashoneka vizuri kwa mazoezi. Na mgomba ni mzuri kwa kuzoea sindano. Yote yafanyike siku ileile kisha yafukiwe.

Hayo yakishafanyika, wanyamapori wana nafasi yao. Pemba mnao Kidike, kwa popo wa Pemba ambaye hapatikani kwingine duniani. Kazi iwe kuhesabu wanaoruka jioni, kila kundi na upande wake wa anga, na hakuna kuokota popo, mzima wala mfu. Mkipata nauli ya boti kuvuka, msitu wa Jozani, Unguja, unatosha kwa siku nzima: mwanafunzi achague kima punju mmoja na kila dakika 5 aandike anafanya nini, kwa saa moja, akiwa umbali wa mita 3 au zaidi, na mwenye mafua abaki nje. Mashambani pembezoni mwa msitu kima hawa hula makaa, kwa sababu majani ya mwembe na mkungu yana sumu nyepesi ambayo makaa yanainasa. Ndiyo kanuni ileile ya kumpa makaa mnyama aliyelishwa sumu, na hapo somo la dawa linaeleweka bila ubao. Bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi, na kobe wa kisiwa cha Changuu ni kwa kuangalia tu, msiwabebe.

Kuhusu usafi: kati ya zizi na zizi, buti zisuguliwe kwa maji, sabuni na brashi mpaka tope liishe, ndipo zitiwe kwenye klorini ya dukani sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Klorini juu ya kinyesi haifanyi kazi. Anzeni na ndama na wanyama wenye afya, wagonjwa wawe wa mwisho.

Mnyama mmoja asichomwe sindano ya mazoezi zaidi ya mara mbili, na akianza kuhangaika aachwe, hata kama wanafunzi watatu bado hawajapata zamu. Wanaoshughulika na mbwa na paka wawe wamechanja kichaa cha mbwa kabla, dozi 2 siku ya 0 na ya 7. Akiumwa mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama amechanjwa. Beba sabuni ya kipande, dumu la lita 20 la maji, na namba ya daktari wa mifugo wa wilaya iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu mashambani simu huzimika.