Kona ya Fundi: Petroli Imo, Mbona Gari Inakata Kwenye Kona?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko na Impreza WRX STI ya 2004, nimeweka tabo kubwa kidogo na injekta kubwa, kwa daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) imesoma hosi pawa 300 hivi. Barabarani iko poa kabisa lakini nikienda treki ya mbio, kwa kona ndefu ya kulia inamisi vibaya kama imezimwa halafu nikinyoosha stelingi inarudi. Geji inasoma robo tanki. Makanika wangu anasema ni plagi, mwingine anasema nibadilishe pampu, na kuna jamaa ananiambia niweke saji tanki, yaani katanki kadogo ka pili ka petroli. Nimsikize nani?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Bro, kona ya kulia na robo tanki, hapo umeshamaliza kazi yangu nusu, kwa sababu plagi mbovu haijui kulia wala kushoto. Tanki la Impreza limekaa kama tandiko la punda, katikati limeinuka ndiyo propela shafti, ile fito ya kuzungusha tairi za nyuma, ipite chini yake, kwa hivyo liko na mabonde mawili na pampu inakaa la kulia peke yake. Petroli ya kushoto inavutwa kuja kulia na kitu kidogo kinaitwa jeti pampu, hakina mota, kinasukumwa na ile petroli inayorudi kutoka kwa injini. Sasa ukikata kulia kwa speed na tanki ni robo, petroli yote inahamia kushoto na pampu inabaki kunyonya hewa.

Na usiichukulie hiyo misi kama usumbufu tu. Presha ya petroli inaanguka wakati tabo bado inasukuma hewa, silinda inajaa hewa na petroli ni kidogo, joto linapanda, injini inaanza kunoki, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na hizi injini za Subaru za EJ zikinoki tabo ikisukuma kitu cha kwanza kuvunjika ni pistoni, pale katikati ya ringi. Kona moja inatosha kukuuzia injini, so hadi uipange usirudi treki na robo tanki.

Kabla hujatoa pesa anza na ya bure. Nenda treki na tanki zaidi ya nusu uone kama inarudia. Halafu toa kiti cha nyuma, fungua vifuniko vya tanki uangalie, ukikuta kushoto kumejaa na kulia ni kukavu ujue jeti pampu haivuti, mara nyingi mpira wake umechomoka au umeziba na hiyo si kazi ya saji tanki, ni kazi ya kurudisha mpira.

Ikiwa jeti pampu ni nzima na bado inakata, basi sikiza huyo jamaa wa saji tanki. Ni katanki kadogo, lita 1.5 hadi 3, kembamba na karefu kwenda juu, kanakaa kati ya tanki kubwa na injini. Pampu yako ya ndani inabaki na kazi ya kukajaza tu, bila presha, halafu pampu ya pili yenye nguvu inanyonya chini kabisa ya hako katanki na kupeleka kwa injekta. Hosi pawa 300 ukikanyaga yote inakula kama lita 1.8 kwa dakika, yaani mililita 30 kwa sekunde. Kona ya sekunde tano imekula mililita 150. Ukiwa na lita mbili hapo pampu ya ndani ya tanki kubwa inaweza kunyonya hewa karibu dakika nzima na injini isijue.

Lakini mafundi wengi wanaharibu hapa kwa ritani, ile njia ya kurudisha petroli ya ziada. Petroli inayotoka kwa regyuleta, kile kifaa cha kupanga presha ya petroli, lazima irudi ndani ya saji tanki, sio tanki kubwa. Pampu ya lita 255 kwa saa inatoa zaidi ya lita nne kwa dakika hata kama injini imetaka mbili, ukirudisha hiyo ziada kwa tanki kubwa lita zako mbili zimeisha chini ya nusu dakika na umenunua mapambo. Kisha juu kabisa ya saji tanki kuwe na tundu la kumwaga ziada na hewa, na kwa Subaru hilo lipeleke kwa paipu ya zamani ya ritani, maana ndiyo inasukuma jeti pampu, ukiipitisha kwingine kushoto kutabaki kumejaa milele. Pampu ya ndani ya tanki kubwa pia itoe zaidi ya kile injini inakula, la sivyo hakuna ziada ya kurudi. Ukimaliza kufunga pima presha ya petroli upya.

Mipira nunua ile ya presha ya injekta kabisa, na kipande kitakachozama ndani ya petroli kiwe cha aina iliyotengenezwa kuzama, ule wa kawaida unavimba na kupasuka. Pampu ya pili ipe rilei yake, fyuzi yake na waya mnene, na izime injini ikizima, sio swichi ya dashibodi unayosahau gari likiwa limepinduka.

SWALI: Shikamoo fundi. Mark II yangu ya injini ya 1JZ inakosa mafuta gia ya tatu ikifika juu, hata tanki likiwa full. Nifunge saji tanki?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hapana. Tatizo la petroli kuhama upande linafuata kona na kiwango cha tanki, lako linafuata mzigo wa injini. Badilisha filta, halafu pima volti pale pale kwenye pampu gari likivuta, ukikuta 11 wakati betri inasoma karibu 14 basi waya ndio unakula umeme, vuta waya mpya kutoka betri kupitia rilei. Bado? Pampu ni ndogo.

SWALI: Fundi, saji tanki ipo ndani ya buti, mchana Mombasa pampu yalia na harufu ya petroli yaja mpaka mbele. Nifanyeje?
Msomaji, Nyali

JIBU: Harufu kwanza, na usiliwashe gari kabla hujajua inatoka wapi. Kaza klipu zote, kagua mipira, na uweke ukuta wa bati kati ya buti na abiria, uzibwe vizuri. Kelele ni joto: petroli ikizunguka kwenye katanki kadogo inachemka na kutoa mvuke, na pampu haisukumi mvuke. Angalia kama ule mpira wa juu wa kumwaga ziada haujakunjika, ndio unaotoa joto kwenda tanki kubwa. Na tanki kubwa usiliache likakaribia kuisha, petroli kidogo inapata moto haraka.