Mashine ya maji ya kukatia tailizi, mimi ilinila hela kwanza

Ijumaa iliyopita nimekabidhi nyumba Iyumbu, hapa Dodoma, sebule nzima tailizi za 60 kwa 60, zile za porseleni zinazong'aa, na hakuna ukingo hata mmoja uliomeguka. Mwenye nyumba kapitisha kidole pale mlangoni akanyamaza. Mafundi mnajua bosi akinyamaza maana yake nini.

Ila sikuanzia hapo jamani. Miaka minne nyuma, Nkuhungu, tailizi kama hizo hizo nilizikata kwa grenda, tena kwa diski ya zege ile yenye mapengo, kavu kavu, vumbi mpaka jirani akaja kugomba. Nikaharibu boksi tatu, kila boksi tailizi nne, hesabu mwenyewe, na bosi akazikata zote kwenye hela yangu ya ufundi mbele ya saidia fundi wangu. Mpaka leo nikipita ile njia nageuza uso.

Nikajikamua nikanunua mashine ya maji ya bei poa, nikaona nimeula. Kufika saiti inakata moja kwa moja vizuri tu, ila ukitaka kona kwa kona reli, ile njia ya kukatia, imeisha, maana tailizi ya 60 kona kwa kona inakaribia sentimita 85 na dukani hakuna anayekuambia. Kwa hiyo nenda na futi kamba, pima reli kabla hujatoa hela. Diski chukua ya almasi yenye ukingo mzima, usio na mapengo.

Halafu maji. Najua Dodoma maji ni ya kugombania, lakini pampu ya mashine lazima izame kwenye maji, na yakishakuwa uji yaache yatuame kwenye ndoo, chota ya juu urudishe. Waya wa umeme ufunge juu, usilale kwenye maji. Na usisukume! Ukibakiza kama sentimita mbili nenda taratibu kabisa, pale mwisho ndipo inapomeguka. Diski ikianza kugoma ipitishe kwenye tofali la saruji mara mbili tatu, makali yanarudi.

Na nyie vijana mnaokata kavu mkijiona wanaume, lile vumbi lina silika, yaani madini yale yale ya mchanga, linaharibu mapafu na hayaponi. Mtu anakata watoto wa mwenye nyumba wamesimama hapo hapo wanaangalia, hivi una akili kweli?

Eti yule bosi wa Nkuhungu jana kanipigia, anataka bafu mbili. Nimempa bei yangu, na zile boksi tatu nimezijumlisha humo humo.