ORS: pakiti moja, maji lita moja, usikoleze!

Mkuu hiyo pakiti iache kwanza hapo ilipo. Umesema mtoto ana mwaka na nusu, anaharisha tangu jana, mko Nkuhungu hapa Dodoma, na unataka kumimina ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pakiti nzima kwenye kikombe kimoja maana lita nzima hataimaliza. Usifanye hivyo. Mimi niliambiwa hivyohivyo na muuza duka la dawa, "koleza kidogo ishike haraka", nikakoleza, mwanangu akalazwa. Maswali yako ya zinki na uji wengine watakujibu.

Pakiti ya gramu 20.5 imepimwa kwa maji lita 1. Hapo sodiamu (ile ya kwenye chumvi) inakuwa milimoli 75 kwa lita, glukosi (sukari) 75, na ukolevu wa jumla, yaani vitu vyote vilivyoyeyuka humo, miliosmoli 245 kwa lita, chini kidogo ya damu ambayo iko kama 290. Wamepanga makusudi. Seli za utumbo zina mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, maji yanafuata, na huo mlango hata mtu akiwa na kipindupindu bado unafanya kazi, ndo maana 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliokoa wakimbizi wa vita ya Bangladesh kwa chumvi na glukosi ya kunywa dripu zilipopungua.

Sasa pakiti hiyohiyo iweke kwenye kikombe cha mililita 300. Sodiamu inafika 250, jumla inapita 800! Maji yanavuka utando wa seli kwenda upande uliokolea, kwa hiyo yanatoka mwilini mwa mtoto yanaingia utumboni, kama kachumbari ukishaitia chumvi inavyochuruzika maji, na kuharisha kunazidi. Halafu ile chumvi inayopenya hadi kwenye damu haikai ndani ya seli, kila seli ina pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 muda wote. Theluthi mbili ya maji ya mwili yako ndani ya seli, theluthi moja tu nje, na damu ni kipande kidogo cha hiyo theluthi. Huko nje kukikolea, maji ya ndani yanahama, seli zinasinyaa, na za ubongo ndo hatari yenyewe. Mwanangu alikuwa na kiu haikatiki, analia tu, na sisi kila akilia tunampa kikombe kingine cha ileile, mpaka akalegea. Kupima, sodiamu iko juu, na hata kuishusha wanakwenda taratibu siku nzima na zaidi maana maji yakiingia kwa kasi seli za ubongo zinavimba.

Yule muuzaji mpaka leo ananiuma. Pakiti ameishika mkononi, kiasi cha maji kimeandikwa, hasomi, anakisia kwa mtoto wa mtu! Anayeuza dawa za watoto bila kusoma pakiti afunge duka.

Kwa hiyo soma pakiti yako, zipo ndogo za nusu lita au glasi moja, weka maji kiasi kilekile kilichoandikwa. Chupa ya maji nayo iangalie, ya lita 1 na ya lita 1 na nusu watu wanazichanganya. Na maji ya visima vyetu vya Dodoma mengi yana chumvi, ukiyaonja yana chumvi usichanganyie hayo, tafuta ya bomba chemsha yapoe au nunua. Lita nzima halazimiki kuimaliza. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 uendelee polepole, ikifika saa 24 iliyobaki mwaga uchanganye nyingine.

Kama hicho kikombe umeshamnywesha, au amelegea, hanywi, macho yameingia ndani, kinyesi kina damu, mpeleke kituo cha afya sasa hivi usingoje asubuhi, beba na pakiti yenyewe, uwaambie uliweka maji kiasi gani.