Jibu: Prado ya mwaka 2000 yenye kilomita 68,000, ninunue?

Ndugu, umeuliza kama Prado ya V6 ya lita 3.4 uliyoiona hapa Moshi, ya mwaka 2000 na yenye kilomita 68,000 tu, inafaa kununuliwa. Inaweza kufaa, lakini usiilipie bei ya kilomita. Ilipie bei ya umri wake, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi (mkanda wa mpira unaoendesha vali za injini), si cheni, na kama mkanda ni uleule wa kiwandani basi lazima ubadilishwe kabla hujalizoea barabarani, maana ukikatika injini huzimika hapohapo.

Mimi niliwahi kununua gari la namna hiyo, safi kabisa kwa macho, na wiki ya tatu mpira wa juu wa rejeta ukapasuka nikipanda Marangu na familia ndani. Nilipoukunja kwa vidole ulivunjika kama biskuti. Tangu siku hiyo huwa naikagua mipira yote kwa mkono, injini ikiwa imepoa.

Tazama pia raba ya pedali ya breki na usukani: vikiwa vimelika sana, hizo kilomita nazitilia shaka. Tairi nazo zina namba nne ubavuni, kwa mfano 1413, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2013. Za namna hiyo zitupe hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni nzima.

Muuzaji akikataa fundi wako asilipandishe juu kulikagua chini, achana nalo.