Kabla ya kufungua SPSS, programu ya takwimu, rudi kwenye dodoso lako

Msimu wa tasnifu ukifika, wadogo zangu hunipigia na swali moja: "Kaka, nitumie kipimo gani cha takwimu?" Nami huwauliza: swali lako mhojiwa alilijibu kwa namba, kwa daraja, au kwa jina la kundi tu?

Hili nililipata kwa uchungu. Nilipoanza kazi niliwapa wahojiwa namba za mikoa, 1 hadi 4, kisha nikatafuta uwiano wa Pearson, yaani namba inayoonyesha jinsi vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja, kati ya mkoa na kipato. Programu haikukataa. Ilinipa jibu lenye nyota mbili pembeni, alama kwamba uhusiano hauelekei kuwa wa bahati tu, nami nikaliandika. Msimamizi akauliza, "Mkoa wa 4 unauzidi wa 1 kwa kitu gani?" Ripoti ikaanza upya.

Ukitaka kujua kama makundi yanahusiana na makundi mengine, kipimo ni kai-skwea. Chukua wakulima 100: 40 wamepata mafunzo, na 30 kati ya wote wanatumia mbolea. Kama mafunzo hayahusiani na mbolea, waliofunzwa na wanaotumia mbolea wangekuwa 40 × 30 ÷ 100, yaani 12. Ukihesabu ukakuta 20, pengo hilo la 8 ndilo linalopimwa. Hapa kai-skwea inatoka 12.7, na kikomo cha asilimia 5 kwa jedwali la mbili kwa mbili (mafunzo ndiyo au hapana, mbolea ndiyo au hapana) ni 3.84; ukikizidi, uhusiano hauelekei kuwa wa bahati tu. Ikokotoe kwa mkono walau mara moja. Utaielewa kuliko kwa mihadhara kumi. Idadi inayotarajiwa, kama ile 12, ikishuka chini ya 5 katika jedwali dogo kama hili, tumia kipimo cha Fisher. Na kama uliwauliza watu walewale kabla na baada ya mafunzo, basi ni kipimo cha McNemar.

Kulinganisha wastani wa makundi mawili, kipimo cha t. Matatu na kuendelea, ANOVA. Majibu ya "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa" yapeleke kwenye uwiano wa Spearman, unaotumia daraja badala ya namba zenyewe.

Namba kwa namba ni Pearson, ila chora kwanza, tafadhali. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alionyesha seti nne za data zenye uwiano uleule, takriban 0.82. Ukizichora, moja ni upinde, na nyingine uwiano wote umebebwa na nukta moja iliyojitenga. Kwenye data zetu nukta ya namna hiyo mara nyingi ni sifuri iliyozidi: mkulima wa ekari 3 ameingizwa na ekari 30. Ndiyo maana kila dodoso la karatasi huliandika namba, na namba hiyohiyo naiweka kwenye safu ya kwanza ya data, ili nikiona nukta ya ajabu nijue karatasi ya kuifungua.